Jua kilicho ndani ya chupa: hotuba juu ya mafuta ya waridi

Hotuba hii ilitolewa Bukavu mbele ya wakandaji, wamama wa saluni na vijana wa farmasi. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya wote ambao hawakuweza kufika.

Wamama, wababa, dada na kaka, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma, jambo zenu!

Nianze na swali. Nani kati yenu ana chupa iliyoandikwa waridi kule anakofanyia kazi? Inueni mikono. Naona mikono mingi. Sasa ibaki juu mikono ya wale tu wanaojua kwa hakika kilichomo ndani ya chupa hiyo: ni mmea gani, mafuta yalitolewa kwa njia gani, yamechanganywa na nini. Imeshuka karibu yote. Basi hilo ndilo lililotuleta hapa leo. Mtu anakuja kwako amechoka, anavua shati, anakugeuzia mgongo. Amekuamini. Wewe unampaka nini?

Tuanze na ua lenyewe. Mafuta ya waridi yanayotumika katika aromaterapia, yaani tiba ya manukato, hutoka hasa kwenye waridi la Damasko, ambalo kwa Kilatini huitwa Rosa damascena. Linalimwa kwa wingi Bulgaria, katika bonde la Kazanlak, na Uturuki upande wa Isparta. Iran wanalo, Moroko wanalo, na Saudi Arabia wanalo kule Taif. Bulgaria mavuno yake ni ya wiki chache tu, mwezi wa tano na wa sita. Wachumaji huingia shambani alfajiri, umande ukiwa bado juu ya maua, nao hukazana wamalize kabla jua halijakolea. Kwa nini wanakimbizana hivyo? Kwa sababu mafuta yaliyo ndani ya petali huruka hewani kadiri joto linavyopanda. Ua la saa nne asubuhi lina mafuta machache kuliko la saa kumi na mbili. Na likishachumwa halina subira: likilala kwenye gunia hadi kesho yake linapata joto, linaanza kuchacha, na mafuta yanapungua.

Maua hayo hutiwa kwenye mtungi mkubwa pamoja na maji yenye uzito wa kama mara nne ya uzito wao. Aliyewahi kuona kanyanga ikitengenezwa ameshaelewa nusu ya kazi: moto chini, mvuke unapanda, unapita kwenye mrija unaopozwa kwa maji, unageuka matone. Kazi hiyo ndiyo tunayoiita kutonesha. Ila hapa matone yanaleta vitu viwili. Yanaleta maji yenye harufu, na juu ya maji hayo yanaleta utando mwembamba wa mafuta. Utando unakusanywa. Lakini mafuta mengi bado yamejificha ndani ya maji, kwa hiyo maji yale hurudishwa motoni na kutoneshwa mara ya pili. Asiyefanya hivyo anamwaga sehemu kubwa ya mavuno yake.

Sasa sikilizeni hesabu. Ili kupata kilo 1 ya mafuta zinahitajika kilo kati ya 3000 na 5000 za maua. Tuchukue 4000. Gramu 1 ya mafuta, basi, imekula kilo 4 za maua. Chupa ya mililita 10, ile ndogo inayoenea kiganjani, imekula zaidi ya kilo 30 za maua yaliyochumwa moja moja kwa mkono, alfajiri. Niambieni ninyi wenyewe: chupa ya namna hiyo inaweza kuuzwa sokoni Kadutu kwa bei ya kipande cha sabuni? Haiwezi. Narudia, haiwezi. Huenda kilichomo ni kitu kizuri, huenda ni kitu kibaya, lakini mafuta ya waridi siyo.

Mtaniuliza: tutayatambuaje? Jahangir, mfalme wa India aliyetawala kuanzia 1605 hadi 1627, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba aliyeyagundua mafuta haya alikuwa mama mkwe wake, Asmat Begum. Mama huyo alikuwa anatengeneza maji ya waridi. Maji ya moto yalipomiminwa kwenye vyombo aliona utando ukijitokeza juu, akaukusanya kidogo kidogo. Mfalme anasema tone moja likipakwa kiganjani, baraza zima linanukia. Mama yule hakuwa na maabara. Alikuwa na jicho la mtu anayeangalia kazi yake.

Nanyi mnaweza kuliona jambo linalofanana na hilo, tena bila kutoka Bukavu. Mafuta ya waridi yaliyotoneshwa yana ndani yake nta ya asili isiyo na harufu. Yakifikia nyuzijoto 16 hadi 22 hivi, nta hiyo inaanza kuganda. Mji wetu uko mita kama 1500 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya kiangazi ubaridi unashuka mpaka hapo hapo. Weka chupa karibu na dirisha usiku. Asubuhi, kabla hujaishika sana, itazame ikielekea kwenye mwanga. Utaona vipande vyembamba, vyepesi, vinavyong'aa, vikielea upande wa juu. Pengine chupa nzima imeganda. Sasa ifumbate kiganjani. Dakika chache tu, vile vipande vinayeyuka na mafuta yanakuwa maji tena.

Wapo wanaodhani mafuta yaliyoganda yameharibika, wakayapasha kwenye mbabula. Msifanye hivyo! Joto kali linafukuza kwanza ile harufu nyororo uliyoilipia fedha nyingi. Joto la mkono linatosha.

Je, kuganda peke yake ni ushahidi? Hapana. Walaghai nao wanajua siri hii, na wengine huongeza nta makusudi. Lakini chupa inayojiita mafuta ya waridi yaliyotoneshwa, nayo ikalala kwenye baridi ya alfajiri bila kuonyesha hata kipande kimoja, usiitie kwenye ngozi ya mtu.

Kuna aina ya pili ambayo ni halali kabisa na haigandi hivyo, nayo huitwa absoluti. Hii haitoneshwi. Maua huloweshwa kwenye kiyeyusho, mara nyingi heksani, ambacho kikiondolewa hubaki kitu kizito kama nta. Nta hiyo husafishwa kwa alkoholi, na kinachobaki ndicho absoluti. Rangi yake imekolea, ya machungwa au nyekundu, wakati ya kutoneshwa ni manjano hafifu. Harufu ya absoluti iko karibu zaidi na ua bichi. Sababu yake ni alkoholi ya feniletili, kiini kikubwa cha harufu ya waridi, ambayo huyeyuka kwenye maji. Ukitonesha, karibu yote inabaki kwenye maji. Ukitumia kiyeyusho unaipata. Kwa kunusa, absoluti ni nzuri sana na bei yake ni nafuu kidogo. Kwa kukanda, wataalamu wengi wa tiba ya manukato huchagua ya kutoneshwa, kwa kuwa hawataki hata mabaki madogo ya kiyeyusho kwenye ngozi. Mimi nakubaliana nao.

Na ulaghai huu haukuanza Kadutu, msijilaumu. Katika karne ya 19 mafuta ya palmarosa, ambayo hutoka kwenye nyasi ya India, yalisafirishwa kutoka Bombay hadi Istanbul, na kutoka huko yakaingia kwenye biashara ya waridi. Wengine waliyachanganya na mafuta yaliyokwisha kutoneshwa. Wengine walifanya kwa ujanja zaidi: waliyanyunyiza juu ya maua kabla ya kuyatia kwenye mtungi, ili vyote vitoke pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa nini palmarosa? Kwa sababu imejaa jeranioli, kiini kimoja cha harufu, nayo jeranioli imo ndani ya waridi. Pua inadanganyika kirahisi pale uongo unapokuwa na kipande cha ukweli ndani yake.

Siku hizi kinachowekwa badala ya waridi mara nyingi ni jeraniamu, au manukato ya kiwandani. Hapo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu jeraniamu haina kosa lolote. Ni mmea ambao mafuta yake yanatolewa kwenye majani, yana sitroneloli na jeranioli kama waridi, na ng'ambo ya Ruzizi, nchini Rwanda, inalimwa na kutoneshwa. Mkandaji wa Ibanda au Bagira anayeanza kazi, mwenye mtaji mdogo, afadhali mara mia anunue jeraniamu iliyoandikwa jeraniamu kuliko waridi la uongo. Mteja wake atapumzika, ngozi yake itakuwa salama, na hakuna aliyedanganywa.

Ukinunua, soma karatasi ya chupa. Tafuta jina la Kilatini la mmea, njia iliyotumika kutoa mafuta, nchi yalikotoka, na namba ya toleo. Ukiona neno parfum peke yake, hayo ni manukato. Chupa iwe ya glasi yenye rangi nzito. Plastiki nyepesi huliwa na mafuta haya. Kisha dondosha tone kwenye karatasi nyeupe ukaliache mpaka kesho. Likiacha doa kubwa la mafuta, limechanganywa na mafuta ya kupikia au mengine kama hayo.

Haya, tuseme tumepata mafuta ya kweli. Yanafaa nini?

Mkemia Mfaransa René-Maurice Gattefossé, ambaye kitabu chake cha 1937 ndicho kilichoitambulisha aromaterapia kwa jina hilo, aliungua vibaya katika mlipuko wa maabara mwaka 1910. Watu husimulia kwamba mkono ulikuwa unawaka, akauchovya kwa bahati kwenye beseni la mafuta ya lavenda, ukapona palepale. Maelezo yake mwenyewe hayasemi hivyo. Anasema vidonda viliingiliwa na ugonjwa wa kuoza, ndipo akaviosha kwa mafuta ya lavenda kwa makusudi, kama mkemia anayejaribu dawa. Mnaona jinsi simulizi ilivyokuzwa? Waridi nalo limefanyiwa vivyo hivyo, na kila anayeliuza anaongeza chake.

Kinachoweza kusemwa kwa uaminifu ni hiki. Harufu hupita puani na kufika haraka kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Majaribio kadhaa, mengi yakiwa ya Iran na Uturuki, yameona wasiwasi ukipungua kwa wamama wanaojifungua na kwa wagonjwa wanaosubiri upasuaji waliponusishwa waridi. Mengine yameona maumivu ya hedhi yakipungua wasichana walipokandwa tumboni kwa mafuta yenye waridi. Ni habari njema. Lakini majaribio hayo ni madogo, tena yana ugumu usiokwepeka: huwezi kumficha mtu harufu anayoinusa, kwa hiyo yeye anajua amepewa nini. Na kukanda kwenyewe kunapunguza maumivu. Kwa hiyo sema: linasaidia mtu kutulia, linaweza kupunguza maumivu ya hedhi. Usiseme linatibu.

Halitibu malaria. Halitibu uambukizo. Halileti mimba. Kidonda kinachotoa usaha kipeleke kwenye kituo cha afya. Na msichana ambaye maumivu ya hedhi yanamwangusha chini kila mwezi anahitaji kuonwa na daktari, hata kama waridi linampa nafuu.

Na halichubui ngozi. Hili naliweka peke yake kwa sababu linawaumiza dada zetu. Mafuta ya waridi hayawezi kumfanya mtu mweupe. Mafuta au krimu yenye picha ya waridi inayobadilisha rangi ya ngozi ndani ya wiki chache ina kitu kingine ndani: hidrokwinoni, au zebaki, au steroidi kali. Zebaki huharibu figo. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba mpaka inachanika. Mteja akikuomba waridi la kujichubua, mwambie ukweli huo hata kama ataondoka.

Tufike kwenye vipimo, na hapa toeni kalamu.

Mafuta haya hayapakwi peke yake. Hayapakwi peke yake! Kwanza yanachanganywa na mafuta mengine: ya alizeti, ya ufuta, au ya avoka, ambayo kwetu Kivu hayana taabu kupatikana. Mawese hayafai; yanatia rangi nguo na harufu yake inalifunika waridi lote. Kipimo ni nusu asilimia. Chukua vijiko 2 vya supu vya mafuta ya kuchanganyia, yaani mililita 30, tia matone 3 ya waridi. Matone 3 tu. Ukitaka kidogo cha usoni, mililita 10 kwa tone 1.

Kwa nini kidogo hivyo? Sababu ya kwanza ni methili-eujenoli, iliyomo ndani ya mafuta ya kutoneshwa kwa kiasi kidogo, ambayo imeleta saratani kwa wanyama wa maabara walipopewa kwa wingi. Wataalamu wa usalama wanashauri waridi la kutoneshwa lisizidi asilimia 0.6 kwenye ngozi. Sababu ya pili ni mzio: sitroneloli na jeranioli huwawasha watu wengine, na mtu anayezidishiwa leo anaweza kuanza kuwashwa kesho kwa tone moja. Sababu ya tatu ni harufu yenyewe. Waridi likizidi linaumiza kichwa, na mteja uliyetaka kumtuliza anaondoka ameshika paji la uso.

Kabla ya kumkanda mtu kwa mara ya kwanza, mpake mchanganyiko uliokwisha pimwa upande wa ndani wa mkono, mahali padogo kama sarafu, umwambie arudi kesho yake au kesho kutwa. Pakiwa pekundu au pakiwasha, usimpake. Mama mwenye mimba ya miezi mitatu ya mwanzo, mwache. Mtoto mchanga, mwache. Mwenye pumu, muulize kwanza kama manukato humbana kifua. Na mafuta haya hayanywewi, hata tone kwenye chai, hata kama umeona video ya mtu anayefanya hivyo.

Wanaopenda kuyatia kwenye maji ya kuoga wanakosea jambo moja kila siku: wanadondosha moja kwa moja. Mafuta hayachanganyiki na maji. Tone linaelea zima zima, linamgusa mtu mahali pamoja likiwa kali, na mahali penyewe mara nyingi ni pale pa ngozi laini. Lichanganye kwanza na kijiko cha mafuta ya alizeti, ndipo umimine. Kwa kunusa tu, tone 1 kwenye kitambaa linatosha; kiweke karibu na mto, siyo juu ya mto.

Na muulize mteja kabla ya kufungua chupa. Waislamu wa mji huu wanajua marashi ya maulidi na ya harusi, lakini wanajua pia marashi yanayonyunyizwa kwenye mazishi. Mtu aliyemzika mama yake hivi karibuni anaweza kulia badala ya kutulia. Wengi kati ya wanaolala kwenye vitanda vyenu wamepita kwenye mambo mazito sana ya vita. Harufu inaweza kufungua mlango ambao wewe hujui kuufunga. Mpe anuse kikaratasi kwanza, umtazame uso. Akisita, weka chupa pembeni, mkande kwa mafuta yasiyo na harufu. Na mwenye jeraha la moyo msindikize kwa wanaojua kazi hiyo.

Wengine mmekaa mnajiuliza: sisi tusio na fedha za chupa hiyo, tunarudi nyumbani na nini? Mnarudi na maji ya waridi, ambayo mtayatengeneza wenyewe.

Tumieni waridi la bustani linalonukia na lisilopuliziwa dawa. Maua ya shada la dukani yamepuliziwa, na mengi hayana harufu, kwa sababu yalichaguliwa yadumu kwenye chombo. Chuma asubuhi mapema. Gramu 250 za petali kwa lita 1 ya maji. Katikati ya sufuria weka jiwe safi, na juu ya jiwe weka bakuli. Petali na maji vizunguke jiwe, maji yasifike mdomo wa bakuli. Funika kwa kifuniko kilichogeuzwa, kishikio kikielekea chini juu ya bakuli. Moto wa makala uwe mdogo. Juu ya kifuniko weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, ukibadilishe kila kinapopata joto. Ndicho kinachougeuza mvuke kuwa matone. Ukifikisha mililita 250 hivi kwenye bakuli, simama. Wanaoendelea ili wapate mengi huishia na maji yenye harufu ya mboga zilizochemka, na petali zikikauka chini zinaungua na kuharibu yote.

Maji haya hayana dawa ya kuyahifadhi. Kwenye friji hukaa wiki moja au mbili, na umeme wetu mnaujua. Bila friji tengeneza ya siku mbili tatu tu. Chupa ichemshwe kwanza. Ukiona ukungu, au vinyuzi vinavyoelea, au harufu ya uchachu, mwaga. Yanafaa kufutia uso, kulowesha kitambaa cha kuweka kwenye paji la uso, kunyunyiza kwenye shuka. Machoni hapana, kwa sababu yaliyotengenezwa jikoni yana vijidudu hata kama yanaonekana safi.

Sasa inukeni mje mezani. Kuna vikaratasi vinne vyenye namba: kimoja ni waridi la kutoneshwa, kimoja absoluti, kimoja jeraniamu, kimoja manukato ya kiwandani. Hatutasema kipi ni kipi mpaka kila mmoja awe ameandika jibu lake. Kati ya kikaratasi na kikaratasi, nuseni hewa safi kidogo pale mlangoni, maana pua inachoka. Wenye pumu na wamama wenye mimba changa wabaki karibu na dirisha, tutawasomea majibu. Safu ya mbele ianze.